Kisu cha Dukani

Mzee Cheche alikuwa na msemo mmoja ambao mtaa mzima ulishachoka kuusikia: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Alimwambia kila aliyeingia karakana yake, hata aliyeleta mkasi wa kunolewa tu. Na kwa miaka zaidi ya thelathini msemo ulikuwa wa kweli. Alivifua visu vyake kutoka springi za malori makuukuu, akavichovya kwenye mafuta, kisha akavirudisha motoni kidogo mpaka chuma kigeuke rangi ya majani makavu. Hapo ndipo ufundi wote ulipo. Ukiwahi, kisu kitakuwa kigumu lakini chepesi kuvunjika. Ukichelewa, kitakuwa laini. Hakuna saa wala kipimo, ni jicho tu. Kisu cha Mzee Cheche kiliweza kudumu kumpita aliyekinunua.

Sasa, mwaka mmoja baada ya kumzika mwanawe, alikuwa anajitembeza yeye.

Alijitembeza mpaka kituo cha askari wa msitu, alikokuwa akifanya kazi marehemu, akamganda Mkuu wa kituo kama kupe. Kila wiki neno lilikuwa lile lile: vijana wako wanavaa visu vya dukani, visu vya rahisi, na kisu cha rahisi ndicho kilichomuua mwanangu. Mkuu alikuwa mtu mpole, na huzuni ya mzee ilimtia aibu kwa sababu yeye ndiye aliyempanga kijana zamu ile aliyofia. Mwishowe alikubali mambo mawili. La kwanza, askari wote kumi na wawili, yeye mwenyewe akiwamo, watapewa visu vipya vilivyofuliwa na Mzee Cheche, bure, kwa ukumbusho wa marehemu. Visu vikafuliwa, vikaletwa, vikavaliwa. La pili, kisu cha dukani kitajaribiwa hadharani, kule kule korongoni, ili wote waone kwa macho yao na lisirudi tena swali.

"Na mkwe wangu awepo," mzee alisema. "Huyo hasa."

Nieleze hapa, maana bila hili mzee ataonekana mkorofi bure. Mkwe wake, mjane wa marehemu, ndiye aliyekinunua kile kisu. Kilikuwa kimetundikwa duka la vyombo, juu ya kadi ya manjano, katikati ya vikaango na kufuli: kisu cheusi chenye meno ya msumeno mgongoni, mpini mtupu ndani, na kwenye kifuniko cha mpini dira ndogo inayotingishika kama jino bovu. Ukifungua mpini unakuta njiti tatu za kiberiti, ndoana na uzi. Kwenye kadi wameandika kwamba ukiwa na kisu hiki hupotei porini wala hufi. Bei yake haikufika hata ya ndoo ya plastiki. Alimnunulia mumewe kwa mapenzi, kama mke anavyomnunulia mume soksi, na mume akakifurahia kama mtoto.

Mzee Cheche alipokiona alikishika kwa vidole viwili.

"Siku utakayokuja na kibati hiki kiunoni," alimwambia mwanawe, "usivuke kizingiti changu."

Mwana akacheka, lakini akaendelea kukivaa. Kile alichofuliwa na baba yake mwaka ule ule alikiweka kabatini, kikiwa kimefungwa kwa kitambaa. Hilo mzee alilijua, na lilimkaa kooni.

Miezi mitano baadaye mvua ilimkuta kijana akiwa peke yake doria. Ukingo wa korongo ukaporomoka, akateleza nao, mguu ukanaswa kati ya jiwe na mzizi mnene kama mkono wa mtu mzima. Alikuwa mzima kabisa, hata mfupa haukuvunjika. Akachomoa kisu, akaanza kuukata mzizi. Alifika nusu. Kisu kikavunjika, na maji yakaja. Wenzake walimkuta kesho yake asubuhi. Mkanda, mkoba na mpini wa kisu vilikuwa vimekwenda na maji. Kipande cha ncha tu, urefu wa kidole, kilikuwa kimeng'ang'ania ndani ya mzizi. Walikichomoa wakampa mjane, kimefungwa kwenye leso.

Mzee alikataa kukitazama. Alisema asiletewe takataka ile machoni. Na siku ya mazishi, watu wakiwa bado na udongo mikononi, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mwanangu ameuawa na kisu cha rahisi, na aliyekinunua tunamjua." Mjane hakujibu neno. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi alimleta binti yake mdogo kumsalimia babu, naye akabaki nje ya mlango wa karakana mpaka mtoto atoke. Hakuvuka kizingiti, wala mzee hakumwambia avuke.

Kuna jambo moja lililomsumbua mzee, na hakumwambia mtu. Asubuhi ile ya mvua mwanawe alipita karakana kabla ya kwenda zamu. Alisimama mlangoni na mwanga nyuma yake, na mzee hakuona ila kivuli chenye umbo la mtu. Macho yake yalikuwa yameanza kuingiwa na ukungu tangu mwaka wa kabla. Asubuhi alidhani ni moshi, jioni alidhani ni uchovu, na katikati alijua ni nini lakini fundi wa visu asiyeona ni kama mwalimu asiyejua kusoma: nani atamweleza? Kwa hiyo alifua kwa mazoea. Alisikiliza mvukuto, akahesabu moyoni, akasogeza uso karibu na joto, na rangi ya majani makavu akaikumbuka badala ya kuiona.

"Baba, tazama basi," mwanawe alisema pale mlangoni.

"Naona," mzee akajibu, bila kuinua kichwa kutoka kwenye fuawe.

"Umeona kweli?"

"Nimesema naona. Nenda, utachelewa."

Kijana alisimama kidogo, kisha akaenda. Mwaka mzima mzee alijiuliza alikuwa ameambiwa atazame nini. Viatu vipya? Cheo begani? Alimaliza kwa kujiambia kwamba ni kile kibati, kwamba mwana alikuja kumkomoa na kisu cha mkewe kiunoni. Kuamini hivyo kulimuumiza, lakini kulimpa wa kumkasirikia, na mtu mwenye wa kumkasirikia huamka asubuhi.

Basi siku ya jaribio walishuka korongoni saa nne, jua likiwa limeshapanda. Mkuu alitangulia. Askari wakafuata wakiwa wamevaa visu vyao vipya, na nyuma yao mzee na fimbo yake, akipapasa njia huku akijifanya anasukuma nyasi pembeni. Mkwe alikuja mwisho, amebeba mfuko wa kitambaa begani. Alimwamkia mzee, na mzee akaitikia akiangalia upande mwingine, jambo ambalo kwake halikuwa na tofauti kubwa.

Mzizi ulikuwepo pale pale. Palipokatwa palikuwa pameota gamba jeusi, na juu ya gamba mti ulikuwa umeanza kutoa chipukizi, maana miti haina haya. Askari mmoja aliyeitwa Mrefu, aliyekuwa rafiki wa marehemu na ndiye aliyekichomoa kile kipande, aliupa mgongo.

Mzee akatoa kisu cha dukani kikiwa bado na kadi yake ya manjano.

"Tutaanza na mambo madogo," alisema. Sauti yake ilikuwa ya fundi anayefundisha, na kwa muda alionekana mtu mwenye furaha. "Mrefu, kata kamba."

Mrefu akakata kamba. Ikakatika.

"Kamba hata jino linakata. Chonga kijiti."

Kijiti kikachongeka, si vizuri sana.

"Sasa pasua kuni. Weka makali juu ya kuni, pigia mgongoni kwa gogo."

Kwa pigo la kwanza dira iliruka ikaangukia majani, na askari mmoja akasema, "Sasa tumepotea." Wengine wakacheka. Hata Mkuu alitabasamu. Mzee alicheka kuliko wote. Kwa pigo la tatu kifuniko cha mpini kikabanduka, njiti za kiberiti zikamwagika. Lakini kuni ikapasuka. Kisu kilikuwa kimepinda kidogo, kama mtu aliyelala vibaya, na makali yake yalikuwa yameng'oka hapa na pale. Mzee alipitisha kidole gumba juu yake.

"Mmeona aibu hii," alisema. "Bado hatujafika kwenye kazi. Mrefu, mzizi."

"Upi, mzee?"

"Ule ule. Alipoishia."

Hakuna aliyecheka tena. Mrefu alimtazama Mkuu, Mkuu akamtazama mjane, na mjane akasema kwa sauti ya kawaida, "Fanya alivyosema baba. Lakini naomba jambo. Hiki kikimaliza, na kisu cha baba kijaribiwe vile vile, mzizi kama huu, mapigo yale yale, mbele ya watu."

Mzee aligeuka kumtafuta ilipotoka sauti. Ukiacha salamu, ndiyo mara ya kwanza kusema naye moja kwa moja tangu mazishi.

"Unadhani nakiogopa kisu changu?"

"Sijasema hivyo, baba. Naomba tu."

"Umepata," alisema mzee. "Mrefu, kata. Hakitafika mapigo kumi."

Mrefu alipiga magoti mahali rafiki yake aliponaswa, akaweka kisu kilichopinda kwenye jeraha la zamani la mzizi, akaanza. Mapigo kumi yakapita. Mzee alikuwa akiyahesabu kwa midomo. Ishirini yakapita. Kisu hakikukata, kilitafuna. Mrefu alikata kwa makali, yalipobutuka akageuza akakereza kwa yale meno ya msumeno ambayo mzee aliyaita mapambo. Jasho lilimtoka mpaka kidevuni. Unga wa mti ukamwagika kidogo kidogo juu ya jiwe. Mkuu alitazama saa yake mara moja, kisha akaurudisha mkono nyuma kama mtu aliyeshikwa akiiba.

Halafu mzizi ukalia, ukaachia. Jiwe lililokuwa limebanwa likasogea upana wa kiganja. Upana huo ungetosha mguu kutoka.

Hakuna aliyepiga makofi. Mrefu alikiweka kisu chini taratibu, akajifuta uso kwa mkono wa shati, na mkono ukabaki usoni.

"Dakika ngapi?" mzee aliuliza.

Mkuu akaitazama tena saa. "Kumi na nane."

"Maji yalichukua saa nzima kujaa," alisema Mrefu ndani ya kiganja chake. "Tulipima kwa alama kwenye ukingo, mvua iliyofuata."

Mzee alisimama, midomo ikiendelea kuhesabu hewa. Kisha akakohoa, akakaza mkanda. "Bahati," alisema. "Vitu hivi hutengenezwa elfu kwa elfu, kimoja kati yao lazima kiwe na nafuu. Alichokuwa nacho yeye hakikuwa hiki. Haya, nipeni changu, muone kazi ya mwenyewe."

Mrefu alichomoa kile cha kiunoni mwake, kipya, mpini wa mbao uliopakwa mafuta. Kilikuwa kizuri, hakuna wa kubisha. Mgongo wake ulisuguliwa ukaviringwa ili usimuumize kidole gumba mwenye kukisukuma, jambo ambalo Mzee Cheche hulifanya kwa kila kisu, hata cha jikoni, na ambalo mafundi wengine humcheka kwa kupoteza muda. Wakachagua mzizi wa jirani, unene ule ule. Pigo la kwanza lilizama kuliko mapigo matano ya kile cha dukani, na mzee akasikia mlio wake akatikisa kichwa kwa kuridhika. La pili vile vile. La tatu.

La nne kikakatika. Hakikupinda wala kulalamika. Kilitoa sauti nyembamba kama kigae kinachoanguka sakafuni, na Mrefu akabaki na mpini.

"Umekiwekea ubavu," mzee alisema haraka. "Umekizungusha. Leta kingine."

Mkuu akatoa cha kwake. Hicho kilifika pigo la sita.

"Kingine."

"Mzee wangu," alisema Mkuu.

"Nimesema kingine."

Cha tatu kilikatika pigo la pili. Hapo mzee alinyoosha mkono, na Mrefu akamwekea kipande kiganjani. Alikisogeza mpaka karibu na pua, akakigeuza juani, kisha akaacha kujifanya, akafumba macho, akapitisha ukucha pale palipokatika. Chuma kilichoiva vizuri kikivunjika ndani yake huwa laini kama majivu. Hiki kilikuwa na punje, punje kubwa za kukwaruza, kama sukari. Moto ulizidi kabla ya kuchovywa, na baada ya kuchovywa hakikurudishwa motoni vya kutosha. Mwanafunzi wa mwezi mmoja akifanya hivi hufukuzwa. Mzee alikuwa amewafukuza wawili.

Hapo mjane alifungua mfuko wake. Alitoa leso kwanza, akaifungua, akampa kipande kilichokuwa ndani. Mwaka mzima mzee alikuwa amekikataa. Sasa vidole vyake vilikipokea vyenyewe. Vilikwenda kwenye mgongo wa kisu. Ulikuwa umeviringwa.

"Ni cha hapa," alisema. "Mmenipa kipande cha leo."

"Ni cha yeye, baba. Mrefu ndiye aliyekitoa." Kisha akatoa kitu cha pili, akamwekea juu ya kiganja kingine. Kilikuwa chepesi, cha plastiki, na kwenye kifuniko cha mpini kulikuwa na kitu kinachotingishika kama jino. "Na hiki ndicho nilichomnunulia mimi. Kilibaki nyumbani. Nilikikuta juu ya kitanda jioni ile, kabla hata hawajaja kuniambia."

Kidole gumba cha mzee kikaigusa ile dira.

"Usiku wa kabla tulikuwa tumekusema," aliendelea. Hakupandisha sauti, ilikuwa sauti ya mtu anayesoma barua aliyoisoma mara nyingi. "Aliniambia, 'Baba ameninunia miezi mitano kwa ajili ya kisu, ni upuuzi. Kesho nitavaa cha kwake, nitapita karakana nimwoneshe, atafurahi.' Aliondoka nacho kiunoni, amekaza mkanda juu ya koti ili kionekane. Mimi ndiye niliyemkazia."

Baba, tazama basi.

Mzee alikaa chini. Hakutafuta jiwe wala gogo, alikaa palipokuwa na matope. Naona, alikuwa amejibu. Umeona kweli? Nimesema naona. Mwanawe alikwenda na jibu lile, akijua baba ameona na wala hakufurahi, na pengine aliliwaza hapa, maji yakimfika kifuani, mkononi akiwa ameshika mpini.

"Mwaka mzima," mzee alisema mwishowe. "Mbona uliniacha nikuseme mwaka mzima?"

"Ulikuwa na nini kingine, baba? Mtoto umemzika, mke ulishamzika. Nikasema, abaki na kazi yake. Mimi bado kijana, nitabeba." Aliikunja ile leso. "Na sikuwa na hakika. Nilidhani kisu chochote kinaweza kuvunjika. Halafu nikasikia umewavisha watu kumi na wawili. Hao wana wake zao."

Hakuna amri iliyotoka. Askari mmoja alifungua mkanda, akachomoa kisu chake, akakiweka juu ya mzizi uliokatwa. Wa pili akafanya vile vile, kisha wengine, kimoja kimoja, na kila kimoja kiligonga kingine kwa mlio ule mwembamba. Walipomaliza visu vilikuwa tisa, na vipande vya vile vitatu pembeni. Mzee aliwasikia wote wakipita mbele yake. Hakuna aliyemtupia neno, na afadhali wangemtupia.

"Mwanangu alifika nusu," alisema, na hakuwa akimwambia yeyote. "Kwa kisu changu, nusu."

Kisha akalia. Alilia vibaya, kwa sauti, kama wasivyolia wazee, na Mkuu akawapungia vijana wake wapande juu wakangoje kwenye gari. Mrefu aliokota dira iliyokuwa imeruka, akaifuta kwenye suruali, akasita, akaitia mfukoni, akapanda naye.

Wakabaki wawili, mkwe na mkwe, na maji kidogo yanayopita chini. Mjane alivikusanya visu vyote ndani ya mfuko wake wa kitambaa, vizima na vipande, hata cha dukani kilichopinda. Vilikuwa vizito. Aliubeba begani, akamwokotea mzee fimbo yake, akaanza kupanda. Baada ya hatua chache aligeuka. Mzee alikuwa amesimama mbele ya jiwe lililofika magotini, akilipapasa kwa fimbo upande usio na njia.

"Njia hiyo hapo, baba," alisema. "Kulia kwako. Huioni?"

Mzee Cheche alifungua mdomo, na neno lile la miaka miwili likaja lenyewe mpaka kwenye ulimi. Akalimeza.

"Sioni, mwanangu," alisema. "Rangi ya moto siioni. Uso wako siuoni. Tangu kabla hajafa sioni."

Mjane alisimama na ule mzigo begani, akimtazama kwa muda mrefu.

"Hilo ungemwambia yeye," alisema.

Kisha akashuka zile hatua chache, akashika ncha ya fimbo, wakapanda.